Mbwa Tuliyemwita Mshenzi

Tamka "Basenji" polepole, utasikia "washenzi". Ndilo jina alilopewa mbwa wa misitu ya Kongo: masikio wima, mkia uliojikunja mgongoni, paji lenye makunyanzi. Habweki kama wengine, kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue alipo anapokurupusha wanyama kuelekea wavuni.

Alipofika Uingereza miaka ya 1930 alipata heshima ambayo kwao hakuwahi kuipata. Aliandikiwa daftari la ukoo, kisha daftari likafungwa, asiandikwe tena mbwa asiyezaliwa na waliomo. Wale wachache waliovuka bahari wakazalishana wao kwa wao, na ugonjwa wa Fanconi ukaenea: figo huacha sukari na madini yapotelee kwenye mkojo. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa wa ukoo, ililazimika kulifungua daftari lake kwa mbwa wapya kutoka vijiji vya Zaire. Nawashukuru wafugaji wale kwa dhati, lakini damu ya kumwokoa Basenji ilikuwa bado inalala kwenye majivu kando ya mafiga, ikila ukoko wa ugali.

Ndiyo maana nataka mbwa wetu wa kienyeji wahifadhiwe. Asiyetaka kusikia habari hizo ana hoja nzito. Karibu kila binadamu anayekufa kwa kichaa cha mbwa ameng'atwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Mzazi aliyezika hawezi kuambiwa habari za vinasaba. Ila kuua mbwa hakujatokomeza kichaa. Nafasi hujazwa upesi na wengine wasiochanjwa. Ukichanja 70% ya mbwa, maambukizi hukatika, mtoto akasalimika na mbwa akabaki.

Kisichozuiwa na sindano ni mchanganyiko wa damu na mbwa wa kigeni. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta mbwa wa vijijini Uganda na Misri wengi wana asili ya hapo hapo. Namibia ya kati wengi walikuwa na damu ya Ulaya. Inatosha jike lipandwe na mbwa wa kizungu wa jirani, na sisi tunashangilia watoto "wamepata mbegu nzuri".

Kulifungia tena daftari wachache teule ni kurudia kosa la Ulaya. Mimi ningeanzia kwenye foleni ya chanjo. Mbwa ameshashikwa, kamba iko shingoni, mwenyewe yupo. Aandikwe kijiji chake, rangi, masikio na mkia, lichukuliwe tone la damu, kisha aachiwe arudi nyumbani.