Fukushima, Pemba na Swali la Nani Abaki

Mpango wa Kenya wa mtambo wa nyuklia, ambao kwanza ulipendekezwa kujengwa pwani ya Kilifi, ulituhusu sisi wa Pemba, kwani upepo wa kaskazi hutoka huko ukaja kwetu. Kila unapozungumzwa, jibu la wengi ni moja: ajali ikitokea, watu wote wahamishwe, tena haraka.

Wanaosema hivyo wana hoja. Tarehe 11 Machi 2011, bahari ilipoupanda ukuta wa mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, na umeme wa kupoza vinu kukatika, hakuna aliyejua mambo yangeishia wapi. Na baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, 1986, watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi walipata saratani ya tezi ya shingo kwa maelfu. Mtoto aondolewe, hilo sibishani nalo.

Lakini wanaouliza kama kila mtu ahamishwe hudhaniwa wanaitetea nyuklia, na hapo hawatendewi haki. Katika mkoa wa Fukushima, tetemeko na tsunami viliua watu wapatao 1,600. Waliokufa baadaye kwa taabu za kuhama, kukatizwa matibabu na maisha ya ukimbizini, ambao serikali ya Japani imewatambua, wamepita 2,300. Kifo kilichokubaliwa rasmi kuwa cha mionzi ni kimoja, cha mfanyakazi wa mtambo. Wengi katika hao 2,300 walikuwa wazee. Hospitali moja ya mji wa Okuma ilikuwa na wagonjwa wasiojiweza. Walipakiwa kwenye mabasi ya viti, wakazungushwa saa nyingi, wakashushwa kwenye ukumbi wa michezo wa skuli. Pamoja na wazee wa makao ya jirani, walikufa zaidi ya 40. Mgonjwa anayelishwa kwa mpira, asiyeweza hata kukaa, nani alimhesabu kabla ya basi kuwashwa?

Sisi kisiwani tungehamia wapi, na kwa chombo gani? Mwaka huohuo wa 2011, mwezi wa Septemba, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Siku ile hapakuwa na hofu yoyote iliyowasukuma abiria. Bandari yetu ya Mkoani siku ya taharuki siwezi kuifikiria bila kutetemeka.

Njia nyingine, kujifungia ndani mpaka mionzi ipungue, nayo ina kasoro. Nyumba ya udongo na makuti haizuii hewa, kwa hiyo ingebidi watu wakusanywe kwenye skuli na misikiti ya matofali, yenye maji na chakula. Lakini iodini 131, ile ya mionzi, hupungua nusu kila siku 8, na kukaa ndani siku za mwanzo kunampa mgonjwa nafasi ya kuhamishwa kwa utaratibu, na daktari ubavuni.

Kwa hiyo kazi ianzie kwa sheha, kiongozi wa shehia, eneo dogo la utawala hapa Zanzibar. Kila shehia iwe na orodha ya waliolala kitandani, wanaotumia insulini na wajawazito walio karibu kujifungua, pamoja na jina la atakayekaa nao wengine wakiondoka. Orodha hiyo haihitaji kusubiri Kenya iamue.