Erika ya Alps haihitaji huruma yako

Kila Oktoba maduka ya hapa München, kusini mwa Ujerumani, hufurika vyungu vidogo vya erika, kichaka kifupi chenye maua madogo ya rangi ya waridi tele, bei ya chee. Wenyeji huvinunua kupamba makaburi kabla ya Novemba 1, sikukuu ya Watakatifu Wote, na kwa kazi hiyo vinafaa kabisa. Tatizo ni sisi tunaovipeleka bustanini. Nyingi ni Erica gracilis, mzaliwa wa Afrika Kusini. Baridi ya kugandisha ikipiga, kwisha habari yake. Halafu mtu anatangaza kwamba erika haziwezi baridi!

Nunua Erica carnea, mwenyeji wa milima ya Alps. Hutambaa chini chini, sentimita 20 hivi, na vitumba vyake vya maua huwa tayari kabla ya majira ya baridi kuingia. Theluji ikiondoka Februari au Machi, maua yako wazi, kila moja limechomoza ncha nyeusi za chavua mdomoni. Nyuki wakitoka siku ya kwanza ya jua, huko ndiko wanakokimbilia.

Na udongo wetu unaikubali. Ardhi ya München ni changarawe ya chokaa iliyoshuka kutoka Alps, na hata maji ya bomba yana chokaa: chungulia ndani ya birika lako uone ukoko mweupe. Kaluna, jamaa ya erika, ile inayofunika nyika za Lüneburg kule kaskazini kila Agosti, inataka udongo wenye asidi. Hapa majani yake hugeuka manjano mpaka uichimbie shimo, ununue udongo mwingine na ukinge maji ya mvua. Kama una muda huo, hongera. Carnea huvumilia chokaa.

Shangazi yangu wa Marangu akiona picha huuliza, “Mwanangu, samadi umeweka?” Sijaweka, shangazi. Mizizi ya erika ni myembamba mno na hushirikiana na kuvu kutafuta chakula kwenye udongo maskini. Ukiilisha sana, inarefuka ovyo na kulegea. Huko huko kwake, juu ya msitu wa Kilimanjaro, kuanzia mita 3,000 hivi, kuna erika zenye kimo cha miti, na hakuna anayezipandishia samadi.

Kinachoua erika hapa mara nyingi ni kiu. Ardhi imeganda, mizizi haiwezi kunywa, huku upepo na jua vinakausha majani. Kwa hiyo theluji iache ilale juu yake, ni blanketi. Isipoanguka, katakata mti wako wa Krismasi uliokwisha kazi, tandaza matawi yake juu, uyatoe Machi.

Kupogoa ni mara tu maua yakinyauka, kidogo tu. Mkasi usifike kwenye shina tupu lisilo na majani. Hapo haichipui tena.