Mnaotengeneza vidio koli za makundi, anzeni na sauti jamani

Juzi kijana mmoja kaniletea apu anayoitengeneza yeye na wenzake wawili, ya vidio koli ya kikundi, na kitu cha kwanza alichonionyesha ni nyuso tisa zimepangwa kwenye kioo kama vigae vya sebuleni, zinapendeza kweli. Nikampa hongera maana kazi waliyofanya sio ndogo, alafu nikamuuliza, mtandao ukianza kuyumba kinachokufa kwanza ni picha au sauti? Akanyamaza kidogo, akasema kaka hilo hatujalipima bado.

Mimi hilo swali nimeishi nalo miaka kadhaa sasa na ndo maana nimeamua niandike. Kazi yangu ni seva, yani kompyuta zinazohudumia watu mtandaoni, sio mtaalamu wa picha, lakini ukoo wangu umenifundisha mambo ya vidio koli kuliko darasa lolote.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa na sisi tumetawanyika, wengine Dar, wengine Tanga mjini, baba mdogo Songea, mtoto wa mama mkubwa yuko Dubai anapiga kazi, na Bibi yuko kijijini Lushoto. Vikao vya harusi lazima vikae na mwenye hela nyingi ni yule wa Dubai, huwezi kumwacha nje. Kule simu za WhatsApp kwa miaka mingi zimefungiwa, meseji zinapita simu hazipiti, kwahiyo tukatafuta huduma nyingine inayojulikana tukaingia, mjomba akiwa katikati ya kusoma ahadi za michango, jina na kiasi, jina na kiasi, dakika za bure zikaisha tukatupwa nje wote. Tuliporudi watu watatu hawakurudi, na ahadi zao mpaka leo hazijulikani kama zilisomwa au la. Usiku ule ule nikasema natuwekea chumba chetu wenyewe.

Nikachukua Jitsi. Kwa wasioijua, ni programu ya bure ya vidio koli na msimbo wake (code) uko wazi, ilianzishwa 2003 na Emil Ivov akiwa mwanafunzi chuo kikuu cha Strasbourg Ufaransa, wakati huo ikiitwa SIP Communicator. Unakodi seva, unaiweka, unatuma linki kwenye grupu, watu wanaingia kwa brauza. Kinachowezesha hiyo ya brauza bila kupakua kitu ni WebRTC, teknolojia ambayo Google waliiweka wazi 2011 baada ya kununua kampuni moja iliyobobea kwenye sauti za intaneti, Global IP Solutions. Angalia hapo, walichokifuata kwa hela ni watu wa SAUTI, watu wanaojua kuondoa mwangwi na kuziba mapengo pakiti, yani vile vipande vidogo vya sauti vinavyosafiri mtandaoni, zikipotea njiani.

Sasa ngoja nieleze kidogo inavyofanya kazi maana wengi wanaoanza wanajikwaa hapa. Njia rahisi kuliko zote ni kila simu iongee na kila simu moja kwa moja. Mkiwa wawili ni safi kabisa, Jitsi wenyewe mkiwa wawili wanafanya hivyo. Mkiwa kumi, kila simu inapandisha picha yake mara 9 na inapokea 9, jumla mikondo 90, na kwenye mitandao yetu kushusha kuna afadhali ila kupandisha ndo kilio, simu inachemka mkononi kama pasi na chaji inaondoka unaiona. Njia ya pili ni seva ipokee picha zote iziunganishe kuwa moja alafu imtumie kila mtu ile moja. Simu inapumua lakini seva inafanya kazi ya kufa mtu na inakula hela. Njia ya tatu, wenyewe wanaiita SFU, seva haiunganishi kitu, unaipa mkondo wako mmoja yenyewe inagawa kwa wengine kama ulivyo, na simu ikiweza inatuma picha ya saizi mbili tatu ili mwenye mtandao mbovu apewe ndogo na mwenye fiber apewe kubwa. Huduma nyingi za sa hivi zinafuata njia hii kwa namna moja au nyingine.

Na wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1992 pale Cornell Marekani walitengeneza CU-SeeMe, picha nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta za Macintosh, na baadae wakawa na seva walizoziita reflector, kazi yake kupokea na kugawa. Ila mwanzoni CU-SeeMe haikuwa na sauti! Watu wanaonana tu. Sauti ikaja baadae.

Rudi kwenye kikao chetu. Nilikodi seva Ujerumani kwasababu ni bei nafuu. Jumapili saa mbili usiku watu wakaanza kuingia, na sisi waswahili mtu akiingia lazima aamkie, hakuna kuingia kimya kimya kama mwizi. Binti wa dada yangu akaingia, "Shikamoo Bibi". Kimya. Akarudia kwa nguvu, "Shikamoo Bibi!" na hapo hapo marahaba ya ile ya kwanza ikafika, Bibi nae akasikia shikamoo ya pili akadhani ni mtoto mwingine akaanza kuuliza we nani, huku baba mdogo nae kaingia anaamkia wakubwa wake, ikawa vurugu, dakika 10 nzima zimeishia kwenye salamu na kila mtu anasema haloo, haloo, mnanisikia? Mtoto akabaki anadhani Bibi kamnunia.

Hakuna aliyekosea pale, aliyekosea ni mimi na seva yangu. Mwanga ndani ya nyaya za fiber unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, unaona ni kasi, lakini shikamoo ya kutoka Tanga kwenda Lushoto, safari ya basi ya masaa machache tu, ilikuwa inashuka baharini mpaka Ujerumani kwanza ndo irudi mlimani, na kwenye kila kituo inasubiri kidogo, na simu nayo inaweka akiba ya sauti kidogo ili isikatekate. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanashauri sauti isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili watu waongee bila kugongana. Sisi tulikuwa tumevuka kwa mbali. Wazee wanaokumbuka simu za nje enzi za setilaiti wanaijua hiyo hali, setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu, sauti kupanda na kushuka tu ni robo sekunde. Nyaya za baharini zilipofika kwetu 2009 na SEACOM, alafu EASSy 2010, hilo tatizo likapungua sana, na sisi watengenezaji tunalirudisha wenyewe kwa kuweka seva mbali na watu.

Nikahamishia seva Nairobi. Bei ikapanda kidogo, salamu zikatulia. Tokea siku hiyo kipimo changu cha vidio koli ni shikamoo, sihitaji mashine. Marahaba ikija kabla mtoto hajarudia, mfumo uko sawa.

Ishu ya pili ikawa bando. Hesabu ni rahisi, mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde unakula MB 450 kwa saa, na ukipokea picha za watu kadhaa bando la GB 1 linaisha kabla hata hamjafika kwenye ukumbi na mapambo. Sauti peke yake kwa kilobiti 32 ni kama MB 14 kwa saa, ongeza makaratasi ya njiani ya kila pakiti, yani anwani inazobeba, tuseme MB 20 na ushee. MB 20! Shangazi yangu anauza vitumbua, anaweka bando la siku, alikuwa anatoka kwenye kikao saa ya kwanza haijaisha na mimi nilidhani amekasirika kuhusu sare. Kumbe bando limekata na aliona aibu kusema. Hilo liliniuma sana kwa kweli, kwasababu aliyekuwa anamtoa kwenye kikao cha mtoto wa kaka yake ni mimi, kwa mpangilio niliouacha vile ulivyokuja.

Nikabadilisha. Chumba sasa kinafunguka kamera zimezimwa kwa wote, anaetaka anawasha. Kwenye Jitsi kuna mpangilio unaitwa channelLastN, unaamua picha za watu wangapi waliozungumza mwisho ndo zipelekwe, nikaweka 2, anayeongea na aliyeongea kabla yake. Ukifikiria kikao cha ukweli ukumbini pia unamwangalia anayeongea, humwangalii kila mtu kwa wakati mmoja. Shangazi akakaa mpaka mwisho na akabishana na mjomba kuhusu rangi ya vitenge mpaka raha.

Angalia Skype. Ilitoka Agosti 2003, Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na programu yenyewe wakaandika vijana wa Estonia. Vidio ya kikundi walianza kuijaribu 2010, kwa muda mrefu ikawa ya kulipia, wakaiachia bure 2014, na tarehe 5 Mei 2025 Skype ikafungwa kabisa. Watu wanasema imekufa, lakini ukiniuliza mimi kitu kikubwa walichotuachia ni sauti. Walikuwa na kodeki yao, yani njia ya kubana sauti ipite kwenye mtandao mdogo, inaitwa SILK, ikaunganishwa na nyingine inaitwa CELT ya watu wa Xiph, shirika la programu za wazi, ikazaliwa Opus, ikapitishwa kuwa kiwango Septemba 2012. Opus inaweza kushuka mpaka kilobiti 6 kwa sekunde na bado unamtambua anayeongea. Chukua simu yako ya Android nenda kwenye mafaili ya voisi noti za WhatsApp, angalia majina yanaishia na nini. Yanaishia na .opus. Kila siku tunatumiana.

Na Zoom? Mwanzilishi wake Eric Yuan anasimulia mwenyewe kwamba akiwa mwanafunzi China alikuwa anapanda treni masaa 10 kwenda kumuona mchumba wake, akawa anawaza siku moja angemuona bila safari. Akanyimwa viza ya Marekani mara 8, ya tisa ikakubali, akafanya kazi WebEx, huduma ya mikutano ya mtandaoni, akaondoka 2011, Zoom ikatoka 2013. Corona ilipokuja walitoka washiriki milioni 10 kwa siku Desemba 2019 mpaka milioni 300 Aprili 2020, mtu mmoja akiingia vikao vitano anahesabiwa mara tano. Wageni wasioalikwa wakaanza kuvamia vikao, ikabidi waweke nenosiri na chumba cha kusubiria viwe tayari toka mwanzo, na mwaka ule ule tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawabana kwa kuwaambia wateja kuna usimbaji wa mwanzo mpaka mwisho, yani hakuna wa katikati anayeweza kusikia, wakati haukuwepo. Kwahiyo hili nalo msiliache mwishoni vijana. Kikao cha mahari kikivamiwa na mtu msiyemjua hakuna atakayerudi tena.

Lakini bado nashikilia la kwanza. Nimehudhuria maonyesho kadhaa ya apu za hapa nyumbani na karibu zote zinaonyeshwa kwenye laptop mbili mezani, waifai moja, watu wako chumba kimoja. Hapo hata kitu kibovu kitang'aa. Mpeni simu ya bei ya chini mtu aliye Lushoto, jogoo anawika nyuma, mnara uko mmoja na mvua inanyesha, alafu muone. Picha ikiganda watu wanavumilia, wanacheka hata, ona ulivyoganda mdomo wazi. Sauti ikikatika kikao kimekufa. Mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja, tarehe 12, mtandao ukawa wa kuokota, na hapo ndo niliona apu ipi iliandikwa na mtu aliyewahi kufikiria hilo, maana chache zilijishusha zenyewe zikabaki na sauti, nyingi zikaendelea kung'ang'ania picha mpaka zikaanguka na vyote.

Kwahiyo yule kijana nilimwambia arudi aandike upya sehemu moja tu, ile inayoamua nani anapewa nafasi mtandao ukibana. Sauti ichukue chake kwanza, kinachobaki ndo picha igawane. Na jaribio lake la kwanza asifanye na wenzake wa ofisini, afanye na bibi yake.

Bibi yangu mimi hana simu janja, ana kiswaswadu, zile siku za mwanzo alikuwa anashikiwa simu na mjukuu na tulikuwa tunaona dari la nyumba yake zaidi kuliko uso wake. Jitsi wana kipande kinaitwa Jigasi kinachounganisha chumba na simu za kawaida. Nikakiweka, ilinichukua wikiendi mbili, na sasa kikao kikianza seva yenyewe inampigia, halipi hata shilingi. Anapokea akiwa jikoni kwake, anasubiri tumalize kuamkiana, alafu anauliza yule wa Dubai kaingia?