Desemba Hii Msinipeleke Alexanderplatz

Kuna video inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp tangu juzi. Kijana mmoja, Mtanzania mwenzetu, kofia nyekundu kichwani, anatangaza kwa sauti ya mpiga debe kwamba amemaliza masoko yote ya Krismasi ya Berlin. Yote! Nikaitazama hadi mwisho. Alexanderplatz, Breitscheidplatz, Gendarmenmarkt, soseji mkononi, asanteni kwa kunitazama. Matatu. Mji huu kila Desemba unakuwa na masoko zaidi ya 50, mengine ya mwezi mzima, mengine ya siku mbili tatu tu, na mtoto wa watu kashika matatu kafunga hesabu.

Yeye simlaumu sana, anatafuta riziki yake mtandaoni. Ninaowalaumu ni ninyi mnaonipigia simu. Ndugu anatoka Stuttgart, anatoka Copenhagen, mwingine katoka Dar moja kwa moja na koti la kuazima, na wote ombi lao ni moja: "Dada, nipeleke pale penye gurudumu." Gurudumu lenyewe ni lile la mita 50 mbele ya Rotes Rathaus, jumba la serikali ya mji, karibu na Alexanderplatz. Nimelizunguka na wageni hadi nimelichoka. Ukiwa juu unauona mnara wa televisheni, ambao hata ukiwa chini unauona, ambao Berlin hii ukijaribu kutouona utashindwa.

Nasema hivi wazi: masoko makubwa ya katikati ya mji ni soko moja lililogawanywa viwanja. Kibanda cha lozi za sukari, kibanda cha soseji, kibanda cha mvinyo wa moto, kibanda cha taa za nyota, kibanda cha glovu, halafu lozi tena. Ukitoka hapa ukaenda kule, glovu ni zilezile na anayeuza hana habari zimefumwa wapi. Ukimuuliza swali la pili anaangalia nyuma yako, foleni ni ndefu. Katika soko moja kubwa, ambalo sitalitaja, nililipa amana ya kikombe, nikarudisha kikombe kizima nirudishiwe pesa, nikaambiwa hiki si chetu, nenda kibanda kile. Kibanda kile wakanirudisha kibanda hiki. Nikaondoka na kikombe. Kipo jikoni hadi leo, naweka ndani yake miswaki ya zamani ya kusugulia masufuria.

Sasa twende Rixdorf, kijiji cha zamani kilichomezwa na Neukölln, wilaya ya Berlin.

Shuka Karl-Marx-Straße kwa treni ya chini ya ardhi U7, au kituo cha Neukölln kwa treni ya mjini S-Bahn, tembea kidogo, na ghafla Neukölln ya maduka ya simu na kebabu inakatika. Unajikuta Richardplatz, uwanja wa kijiji, nyumba fupi fupi, mawe chini, kanisa dogo upande mmoja na karakana ya mhunzi iliyopo hapo tangu karne nyingi zilizopita. Soko la pale linafanyika wikiendi moja tu ya mwaka mzima, ile ya Jumapili ya pili ya Majilio, Ijumaa jioni hadi Jumapili. Limekuwepo tangu miaka ya 1970. Hakuna kiingilio. Na vibanda vinamulikwa kwa taa za mafuta ya taa, jamani, chemli kabisa! Mimi niliyesomea mtihani wa darasa la saba kwa chemli nikafika Ulaya kwenye umeme usiokatika, nikakuta Wajerumani wamezima umeme kwa hiari yao wananusa mafuta ya taa wakifurahi. Nilicheka peke yangu. Lakini baada ya dakika kumi macho yanazoea, na uso wa mtu ukimulikwa na chemli unauona vizuri kuliko chini ya zile balbu nyeupe za Alexanderplatz.

Ila taa si hoja yangu. Hoja yangu ni nani amesimama nyuma ya meza. Pale Rixdorf wilaya inatoa meza kwa vyama, shule, makanisa, mashirika ya hisani na vikundi vya watu wanaotengeneza vitu vyao wenyewe. Mfanyabiashara anayezunguka na shehena ya glovu hana nafasi. Kwa hiyo anayekuuzia supu ni mzazi wa shule ya chekechea ya mtaa ule, na pesa yako inakwenda kununua bembea. Anayekuuzia jamu ameipika. Haijalishi kama ni tamu. Nyingine si tamu, niwe mkweli, kuna jamu ya maboga na tangawizi niliyoinunua kwa sababu ya huruma na imekaa kwenye friji hadi imekuwa mwanafamilia.

Kuna bibi mmoja aliyekuwa anauza soksi za sufu. Nikachagua pea nyekundu, nikatoa pesa. Akakataa kupokea. Akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja. Akachukua ile soksi akaizungusha kwenye ngumi yangu, kuanzia kwenye vifundo vya vidole hadi irudi ilipoanzia, akanionyesha kwamba kisigino cha soksi na ncha yake ya vidole havikukutana, pamebaki upana wa kidole gumba. "Hizi si zako," akasema, akazirudisha kwenye kikapu. Akatafuta kijivu, mbaya kwa sura, akapima tena kwenye ngumi, vikakutana. Akaniuzia hizo. Nilitaka nyekundu! Lakini miguu yangu imepata joto na hazijateleza ndani ya buti hata mara moja. Niambieni ni kibanda gani pale mbele ya gurudumu ambapo muuzaji atakataa pesa yako kwa sababu ya kisigino.

Na kuna jambo jingine linaloniuma, hasa kwa ninyi wa kwetu, wa Mbeya, Rungwe, Tabora. Mnakuja Berlin, mmelelewa Moravian, mmebatizwa Moravian, kwaya Moravian, halafu mnapitishwa kwenye gurudumu mnarudi nyumbani bila kukanyaga Kirchgasse. Hiyo Kirchgasse inaanzia palepale karibu na uwanja. Mwaka 1737 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, aliwapa hifadhi hapo Waprotestanti waliokimbia Bohemia kwa ajili ya imani yao. Wakimbizi. Wakajenga nyumba zao, shule yao, na vizazi vyao mwaka 1912 vikamsimamishia yule mfalme sanamu. Miongoni mwao walikuwepo watu wa Undugu, hawa tunaowaita Wamoravian, na usharika upo mpaka leo. Kutoka kwenye kanisa hilihili, lenye makao yake Herrnhut kule Saxony, ndiko walikotoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Sisi ndio wengi! Halafu tunakuja mjini kwao tunapiga picha na soseji.

Nilipoiona alama ya kanisa letu, Mwanakondoo na bendera yake, mtaa ule, ile niliyoikodolea macho kila Jumapili nikiwa mtoto nikingoja mahubiri yaishe, nilisimama katikati ya njia mpaka mtu wa baiskeli akanipigia kengele. "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate." Nikaisema kwa Kiswahili, kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa anapita akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Zile nyota za karatasi zenye miale 25 mnazoziona zimening'inia kila balkoni ya Ujerumani Desemba, asili yake ni hukohuko Herrnhut na shule zao. Walimu walizitumia kufundishia hesabu za maumbo. Mnazipita mnasema "taa nzuri". Ni za kanisa lenu.

Nikiwa nimeshawasha moto, niongeze na hili. Ukimaliza Richardplatz na bado una miguu, kwa mwendo kama wa nusu saa unafika Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu wa Moshi, yule mwanasiasa mwanamke aliyetangulia kwenye ngazi ya uwaziri Tanzania. Hadi mwaka 2021 mtaa ule uliitwa Wissmann. Wissmann ndiye afisa wa Kijerumani aliyetumwa kuzima upinzani wa pwani yetu, na kiongozi wake Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, siku za Majilio hizihizi. Leo kibao cha mtaa kina jina la binti wa Kilimanjaro. Simama hapo upige picha basi, kama ni lazima picha.

Masoko mengine madogo nayapitia haraka. Sophienstraße, nyuma ya Hackescher Markt, ni ya wikiendi tu na mtaa wenyewe ni mwembamba na mzuri, bei si nzuri. Lucia kule Kulturbrauerei, ndani ya ua wa kiwanda cha zamani cha bia, wamejipa sura ya Skandinavia. Si dogo tena siku hizi lakini watoto wanalipenda. Domäne Dahlem ni shamba halisi ndani ya mji, lina ng'ombe na nguruwe, kituo cha U3 kipo mlangoni, ila andaa kiingilio. Späth, ile bustani ya miche iliyoanzishwa mwaka 1720, iko mbali upande wa Treptow na ukienda bila soksi za yule bibi utajuta.

Haya, najua mnachotaka kusema. Rixdorf Jumamosi saa moja usiku haipitiki. Kweli, haipitiki. Unasukumwa na kigari cha mtoto mbele na mbwa nyuma, na foleni ya choo nisiizungumzie. Masoko makubwa yana vyoo vya maana, na mengine yanabaki wazi hata baada ya sikukuu, jambo linalomfaa aliyepata likizo kwa kuchelewa. Aliye na wikiendi ya tatu pekee hana Rixdorf. Hayo nawapa. Na wasiotumia kilevi wana maji ya matunda ya moto kila mahali, makubwa kwa madogo, kwa hiyo hilo halina ubishi.

Breitscheidplatz nayo sitawakataza kabisa, na hapa naacha utani. Tarehe 19 Desemba 2016 lori liliingizwa kwa makusudi kwenye soko lile. Watu 12 walikufa, na wa 13 alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku hiyo. Kwenye ngazi za kanisa kuna ufa wa rangi ya dhahabu uliopasuliwa sakafuni na majina ya waliokufa. Nendeni mkausome. Watu wanapita juu yake na vikombe mkononi, wanatafuta pembe nzuri ya kupigia selfi, na sijui hasira yangu niielekeze kwa nani.

Desemba 2024 ikatokea tena, Magdeburg, gari likapita kati ya watu. Tangu hapo ulinzi umezidi: mawe ya zege, vizuizi vya chuma, walinzi wa kulipwa. Ni haki, hakuna anayebisha. Lakini tazameni nani anabeba gharama. Soko kubwa lina wadhamini na kodi za vibanda vya mwezi mzima, litagawanya gharama hiyo kwenye vikombe milioni vya mvinyo na wewe hutaona. Soko la wikiendi moja la chama cha wazazi linaigawanya kwenye jamu. Kuna miji midogo Ujerumani iliyofuta soko lake la mwaka 2025 kwa sababu hiyohiyo, hesabu ya usalama imewazidi. Ada za kupiga muziki sokoni nazo zikapanda, mengine yakazima nyimbo kabisa kwa mgomo mwaka 2023. Yanayokufa kwanza ni madogo. Likifa lile kubwa, serikali ya mji mzima itakaa kikao. Likifa la bibi wa soksi, nani atajua? Video gani itatangaza?

Ndiyo maana nakasirika kwa jambo linaloonekana dogo. Euro zako tano ni zilezile. Ukizitoa kwenye uwanja wa gurudumu zinapotea kwenye bahari. Ukizitoa kwenye meza ya chekechea kuna mtu anaziandika kwenye daftari, kwa kalamu, mbele yako. Nimemwona akiandika.

Kwa hiyo mwaka huu utaratibu umebadilika. Anayekuja kwangu aje wikiendi ya pili ya Majilio, si nyingine. Tutatoka Jumapili mchana mapema, kabla jua halijazama, maana linazama kabla ya saa kumi jioni na baada ya hapo umati unaanza. Tutaanzia Kirchgasse, tutaingia sokoni, na atakayetaka gurudumu baadaye nitamwelekeza treni, atakwenda na kurudi mwenyewe, ufunguo nitamwachia jirani. Vaeni buti, si raba. Na mje na sarafu, wapendwa, meza nyingi pale hazipokei kadi, na mimi mwaka jana mlinimaliza.