Tarehe Hatuijui, Krismasi Tunaila

Kila Desemba sisi watu wa Kilimanjaro tunaporudi kwetu kwa sikukuu tunakutana na utani uleule: "Mnakwenda lini kuhesabiwa?" Mabasi ya kaskazini yanajaa, nauli inapaa, barabara ya Moshi inafurika magari yaliyotoka Dar, na kila asiye Mchaga ana hakika kwamba huko mlimani kuna karani amekaa na daftari. Siku hizohizo simu nazo zinajaa. Mtu anarusha sauti ndefu kwenye kundi la ukoo: Krismasi ni sikukuu ya kipagani, Yesu hakuzaliwa Desemba, mnaabudu jua bila kujijua. Chini yake wanafuata wanaoitikia amina, wanaokasirika, na yule mmoja anayeuliza kama mbuzi ameshanunuliwa.

Mimi ni Mlutheri na Krismasi naila bila wasiwasi. Hata hivyo wanaoikataa wanastahili kujibiwa kwa hoja, maana katika mambo kadhaa wako sahihi kuliko tunavyopenda kukiri.

Tarehe ni kweli hatuijui. Mathayo na Luka, waandishi wawili pekee wanaosimulia kuzaliwa kwenyewe, hawataji siku wala mwezi. Marko anaanza na Yesu mtu mzima akibatizwa Yordani. Hakuna amri ya Bwana kwamba siku yake ya kuzaliwa ikumbukwe. Amri aliyoacha ni ya mkate na kikombe, na hiyo inaelekeza kwenye kifo chake. Hakuna andiko linaloonyesha mitume wakiisherehekea. Katika karne ya tatu Origen wa Alexandria aliandika kwa kejeli kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku zao za kuzaliwa ni watu kama Farao na Herode, na kila mtu anajua karamu zile ziliishia wapi. Kabla yake Klementi, wa mji huohuo, aliwataja watu waliokuwa wakitafuta tarehe: wengine walisema Mei, wengine Aprili.

Kwa hiyo anayesema Kanisa la kwanza halikuwa na Krismasi hajazua jambo. Wala si hoja ya Wasabato na Mashahidi wa Yehova peke yao, kama wengi wanavyodhani. Waprotestanti wa mrengo mkali waliishika zamani. Koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi tano mwaka 1659 kwa atakayeonekana akisherehekea Krismasi, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Uskoti, nchi ya Wapresbiteri, siku hiyo ilirudi kuwa mapumziko ya taifa mwaka 1958 tu. Wale walikuwa Wakristo waliosoma Biblia zao usiku na mchana.

Ninapoachana nao ni kwenye neno "upagani". Hapo hoja inarushwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi wake. Inayosikika zaidi ni kwamba Kaisari Aureliani alianzisha sikukuu ya Jua Lisiloshindwa tarehe 25 Desemba, mwaka 274, kisha Kanisa likaivika jina la Kristo. Hekalu la Jua Aureliani alilizindua kweli mwaka huo, ila hakuna maandishi ya wakati wake yanayoitaja tarehe 25 Desemba. Kumbukumbu ya kwanza ya siku hiyo kama siku ya Jua inatoka katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354. Na ndani ya mkusanyiko huohuo kuna orodha ya Kikristo, ambayo wataalamu wanaipeleka nyuma hadi 336, isemayo kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi siku hiyohiyo. Nani alimwiga nani, karatasi zenyewe hazisemi. Ile karamu nyingine ya Warumi inayotajwa, Saturnalia, ilianza tarehe 17 Desemba na kumalizika tarehe 23. Haikufika 25.

Iko njia nyingine ya kuifikia tarehe hii, na ajabu ni kwamba inapitia Afrika. Tertuliani wa Karthago aliweka kifo cha Yesu tarehe 25 Machi. Baadaye Augustino wa Hippo aliandika kwamba Yesu aliaminika kutungwa mimba siku ileile aliyoteswa, 25 Machi, na kuzaliwa 25 Desemba. Hesabu miezi tisa. Huo ni ushahidi wa kihistoria? Hapana, ni tafakari ya watu waliopenda kuona mwanzo na mwisho vikikutana. Lakini ni tafakari ya Kikristo, na haihitaji hekalu la Jua ili ieleweke. Mimi mwenyewe siiondoi kabisa nguvu ya jua: Warumi walihesabu kwamba tarehe 25 Desemba ndipo mchana unaanza kurefuka, na wahubiri wa karne ya nne walimwita Kristo jua la haki kwa kulichukua jina hilo kwa nabii Malaki. Walijua wanachofanya. Walimtangaza Bwana wao mahali ambapo jirani alikuwa akilitazama jua.

Kuhusu mti uliopambwa, wanaotuletea Yeremia 10 kuupinga wasome aya tatu zaidi. Nabii anasema juu ya gogo linalochongwa na fundi, likapakwa fedha na dhahabu, likapigiliwa misumari lisitikisike, halafu likasujudiwa ingawa haliwezi kutembea wala kusema. Hiyo ni sanamu. Mti wetu uliletwa Kilimanjaro na Wajerumani, nao wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893. Kama tawi la saiprasi lililofungwa puto pembeni ya madhabahu lina kosa, basi ni la kupukutisha majani kwenye zulia la usharika.

Shemeji yangu ni Mpare na Msabato. Kwao injili hiyo iliingia mwaka 1903, kwa hiyo ni imani ya babu na baba, hajaiokota juzi. Tarehe 25 anakuja kwetu na mkewe na watoto, anakula pilau na mtori, anasifia nyama, ila "Krismasi njema" hutaitoa kinywani mwake hata kwa koleo. Namtania kwamba ni ubahili wa Kipare umejificha nyuma ya Biblia. Yeye hujibu kwa Wagalatia: "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka." Paulo alisema kwa uchungu, anasema, kwa nini mnajipa sikukuu msizoagizwa?

Jibu langu liko Yohana 10:22. "Basi huko Yerusalemu ilikuwa Sikukuu ya Kutabaruku, ni wakati wa baridi." Sikukuu hiyo haimo katika Torati ya Musa. Wayahudi waliiweka wenyewe baada ya Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, kulitakasa hekalu, mwaka 164 kabla ya Kristo, na Yesu anaonekana akitembea hekaluni siku hizo, asiikemee wala asiondoke. Kama watu wa Mungu wanaweza kujiwekea siku ya kukumbuka hekalu lililotakaswa, sioni kwa nini wasijiwekee ya kukumbuka Neno kufanyika mwili. Na Paulo yuleyule wa Wagalatia aliwaandikia Warumi kwamba mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa, "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Wagalatia walikuwa wakiambiwa kwamba bila siku zile hawajaokoka. Hapo ndipo ukali ulipotoka. Siku ile mhubiri wetu atakaposema asiyekula Krismasi si Mkristo, Wagalatia itakuwa imetuandikiwa sisi.

Shemeji hukumbushwa pia kwamba Ellen White mwenyewe, mama mwasisi wa kanisa lake, alikiri tarehe haijulikani lakini hakutaka siku ipite bila kutumiwa kwa mema, na hata mti kanisani wa kutundikia sadaka aliuruhusu. Hapo hunyamaza, akaongeza mtori.

Basi upande wa tarehe nauona mwepesi. Uzito uko kwingine, na hapo sisi tunaosherehekea ndio tunaostahili kubanwa. Tumeichuja habari mpaka imebaki tamu. Angalia pango linalojengwa kanisani: mtoto, mama, Yusufu, ng'ombe, punda, wachungaji, wafalme watatu wenye mataji. Mathayo hasemi watatu wala hasemi wafalme. Anasema mamajusi kutoka mashariki, nao walimkuta mtoto nyumbani. Ng'ombe na punda hawamo kwa Luka. Wametoka Isaya, "ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake". Francis wa Assisi aliwaleta wazima wazima pale Greccio mwaka 1223, pamoja na nyasi, ili watu wauone umaskini wa Bethlehemu kwa macho. Nyongeza hizo hazinisumbui. Kinachonisumbua ni aliyeondolewa. Herode hayupo pangoni. Askari wake hawapo. Akina mama wa Bethlehemu wanaolilia watoto wao hawapo, wala familia iliyoamshwa usiku kukimbilia Misri.

Kalenda ya kale haikuwa na haya hiyo. Tarehe 26 ni ya Stefano, aliyepigwa mawe. Tarehe 28 wenzetu Wakatoliki wanawakumbuka Watoto Mashahidi. Damu inafika kabla nyama ya sikukuu haijaisha kwenye sufuria. Mwaka 2023 Bethlehemu yenyewe ilifuta shamrashamra kwa sababu ya vita vya Gaza, na katika kanisa la Walutheri pale mjini walimlaza mtoto Yesu juu ya kifusi cha zege, amefungwa kitambaa cha Kipalestina. Picha ile ilizunguka dunia. Kuna waliosema ni siasa madhabahuni, na hoja yao naielewa: pango likigeuzwa bango, kesho kila chama kitadai la kwake. Lakini Mathayo sura ya pili ina mfalme, majeshi, watoto waliouawa na wakimbizi. Siasa haikuletwa na Walutheri wa Bethlehemu. Na sisi tuliopokea wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta kule Kigoma, wenye majirani Wakongo na Warundi waliolala njiani na vichanga, ndio tuone ajabu?

Narudi kwenye kuhesabiwa. Luka anaandika: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Wanahistoria wana swali gumu hapa: Luka anaiweka orodha hiyo wakati wa Kirenio, liwali wa Shamu, na orodha yake inayojulikana ilifanyika mwaka wa 6 baada ya Kristo, ilhali Herode, ambaye kwa Mathayo alikuwa hai Yesu alipozaliwa, alikufa mwaka wa 4 kabla. Maelezo ya kulinganisha yapo mengi, hakuna lililonitosheleza, na imani yangu haikuanguka kwa hilo. Kisichobishaniwa ni orodha za Kaisari zilikuwa za nini. Zilikuwa za kodi. Matendo 5:37 inakumbuka siku za kuandikwa orodha kwa sababu Yuda Mgalilaya aliamsha watu, akaangamia, nao wakatawanyika. Kuhesabiwa kulikuwa kuonyeshwa una thamani gani kwa mkubwa.

Kuhesabiwa kwetu kuna uzuri mwingi ambao anayerusha zile sauti haoni. Vikao vya ukoo vinakaa, ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, uliodumu mwaka mzima unaamuliwa, watoto wa mjini wanaonyeshwa kaburi la babu, wachanga wanabatizwa. Ukifuta Krismasi kwa jina la usafi wa imani, sijui utavikusanya kwa tarehe ipi. Ila nako kuna mizani. Vikoba vinavunjwa Desemba na fedha ya mwaka inaishia kwenye ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na matairi ya gari la kukodi. Mama anapita soko la Memorial pale Moshi mara ya tatu akitafuta gauni la mtoto lisilofanana na mtumba, maana tarehe 25 kanisani watatazamwa. Asiye na kitu haji, anatuma ujumbe kwamba kazi zimembana, na hakuna anayeuliza zaidi. Januari ada inadaiwa na sote tunaijua hadithi. Hoja hii ya gharama ndiyo ingepaswa kurushwa kwenye simu badala ya Aureliani, kwa sababu haina jibu la kwenye vitabu.

Luka hakuwataja wa kwanza kupata habari kama wageni waalikwa. Walikuwa kazini, wakilinda kundi lao kwa zamu usiku. (Wanaosema Desemba ni baridi mno kwa kondoo kuwa nje watafute hoja nyingine, kingo za jangwa la Yudea huota majani wakati wa mvua hizo, na wafugaji huyafuata.) Zamu ya usiku wa tarehe 24 hapa kwetu ni ya mlinzi wa Dar anayelinda nyumba ya waliopanda kuhesabiwa, muuguzi wa wodi ya wazazi, dereva anayevuka Same usiku, na dada wa kazi aliyebaki na sufuria wakati familia nzima iko kwenye mkesha inaimba juu ya wachungaji. Kwa hao mahubiri yangu ni mafupi: mlinzi alipwe kabla ya safari, na dada apewe likizo na nauli yake mapema, kabla haijapanda. Shemeji amekubali hilo bila kunipa aya.