Kayamba Lenye Twiga

Picha imezunguka makundi ya WhatsApp ya Malindi wiki nzima. Wasichana wa shule moja ya Kikatoliki wako jukwaani kwenye tamasha la muziki, hando, zile sketi za Kigiriama, zimekaa kiunoni sawasawa, shanga zimepishana kifuani, na mbele kabisa yuko aliyeshika kayamba, ile ala bapa ya matete yenye mbegu ndani. Juu ya kayamba hilo wamechorwa twiga wawili, mgunga mmoja na jua linalotua. Chini pameandikwa Hakuna Matata.

Twiga! Najua, Tsavo Mashariki si mbali na twiga wapo. Lakini hawapigi mwanzele, ngoma ya Wagiriama.

Hongera zimemiminika, na wasichana wanazistahili. Wamepita kaunti ndogo, sasa wanaelekea kaunti. Sauti ni safi, mabega yanatikisika kwa pamoja. Sasa ichukue ile video, weka sauti ya simu mpaka mwisho, utafute kayamba. Hulisikii. Mkono unakwenda, kiganja kinageuka, na kinachosikika ni ngoma na koo za wenzake. Lile ni pambo la ukutani lililotiwa mbegu chache ili lisiwe zito kwenye begi la mtalii.

Shule sitaitaja, kwa sababu si moja. Na fundi simlaumu hata kidogo. Kayamba la duka limefanywa litundikwe, na kwa kutundikwa ni zuri. Ni dogo, matete yake membamba, rangi ya mafuta na vanishi zimeziba nafasi kati ya tete na tete, na ndani mbegu hazijai hata kiganja. Sauti ya kayamba hutoka kwenye mbegu zinazoteleza juu ya matete makavu yaliyo wazi. Lipake vanishi, umelivisha blanketi.

Kinachoudhi ni kwamba limenunuliwa Malindi, mwendo mfupi kutoka Mto Sabaki ambako matete yameota mpaka yanasumbua watu.

Kayamba la kupigia si kazi ya miujiza. Tete linalofaa ni lile lililokomaa, linaloanza kuwa manjano, unene wake kama wa penseli. Sehemu ya chini ya shina iliyo nene iache huko huko. Yasimamishwe kivulini penye upepo wiki mbili tatu, maana jua kali huyapasua. Kisha yakatwe urefu mmoja, sentimita 50 hivi. Ukitaka upana wa sentimita 30 na kila tete lina milimita saba au nane, utahitaji kama 40 kwa upande wa juu na 40 kwa upande wa chini. Andaa 100, kwa sababu mengine yatavunjika mkononi na ya kwanza yatashonwa vibaya. Yafungwe moja moja kwa kamba ya katani, mistari mitatu: kila ncha na katikati, kila fundo likivutwa kabla ya kwenda tete la pili. Hapa ndipo wavivu hujulikana. Mwenye haraka hufunga matete matatu kwa fundo moja, na mwezi haujaisha jamvi limelegea.

Majamvi mawili yakishakuwa tayari, katikati yake huwekwa vijiti pembeni ili pabaki uwazi wa kama sentimita mbili, na kijiti kimoja cha katikati cha kuzuia mbegu zote zisikimbilie upande mmoja, ambacho pia ndicho mahali pa kukazia vidole gumba. Pande tatu hushonwa, wa nne huachwa wazi. Mbegu huingia kwa konzi, na baada ya kila konzi huzibwa kwa mkono, hutikiswa, watu wakaimba nalo ubeti mzima. Zikipungua, sauti inakuja vipande vipande, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Zikizidi, hazina pa kuteleza. Linanguruma na kunyamaza. Wanaoziba upande wa nne kabla ya kuimba nalo ndio hao ambao jioni wanakata kamba na kuanza upya.

Mbegu za turituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, ndizo zinazopendwa kwa ugumu na ulaini wake. Ni sumu, tena si ya mzaha: ikitafunwa au ikitobolewa inaweza kuua. Kwa hiyo shuleni hazitobolewi kufanywa ushanga, zinahesabiwa kabla na baada, sakafu inafagiwa, mikono inaoshwa. Msichana wa Kidato cha Tatu anayeaminiwa na asidi kwenye maabara anaweza kuaminiwa na turituri.

Sasa majira. Tamasha huanza muhula wa pili, na muhula wa pili huku kwetu ni masika. Mei ndiyo mvua yenyewe. Shule nyingi hukumbuka kayamba Mei hiyo hiyo. Tete linalokatwa Mei ni bichi, limenyonya maji mpaka limevimba. Linashonwa likiwa limevimba, fundo linaonekana limekaza. Likishakauka linasinyaa, fundo linabaki na nafasi, na siku ya siku mbegu zinamwagika jukwaani mbele ya mwamuzi, zikiviringika chini ya nyayo za wachezaji. Watu huita hiyo bahati mbaya. Ni kalenda mbaya. Matete hukatwa Januari na Februari, kaskazi ikivuma na kila kitu kimekauka, ili Mei iwe ya kupiga.

Kupiga nako kuna shule yake. Kayamba hushikwa bapa kwa viganja viwili, vidole gumba juu, na mwendo ni wa kwenda kando na kurudi, kutoka kwenye vifundo vya mikono. Anayeanza huinua viwiko. Akiinua viwiko, mbegu zinaruka juu badala ya kuteleza, zinapoanguka zinatoa sauti ya pili iliyochelewa, na wimbo wote unaonekana unachechemea, kumbe ni mtu mmoja. Gumba ndilo linaloweka mkazo kwa kugonga tete. Wawili wakipiga pamoja, kila mmoja na mkazo wake, bora apige mmoja. Na jamani, msiwaweke nyuma ya ngoma kubwa! Maikrofoni ya tamasha huwekwa mbele. Kayamba likiwa nyuma ya ngoma limezikwa. Wapiga kayamba wakae pembeni mbele, karibu na mtoa wimbo, kwa sababu yeye ndiye anayelifuata.

Haya yote ni kazi ya alasiri chache. Msichana akiimaliza ana kitu ambacho cheti hakimpi. Ndiyo hoja yangu, na sina nyingine kubwa: mafanikio ya mwanafunzi ni yale anayoweza kuyarudia mwakani bila nyinyi. Kikombe kilichopatikana kwa ala ya kununua, nguo za kukodi na mwalimu wa kukodi ni cha shule, sawa, kiwekwe kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri... mmalizie wenyewe, Masista nao husoma hapa.

Mwalimu wa kukodi ninamtaja kwa shingo upande, maana bila yeye shule nyingi zisingevuka kanda. Mwalimu wa muziki wa shule ndiye huyo huyo anayefundisha dini, na ndiye mlezi wa bweni, na ana vipindi asubuhi mpaka jioni. Basi anakuja fundi kutoka nje wiki tatu kabla. Anajua kazi. Wimbo, hatua, mapigo ya ngoma, vyote viko kichwani mwake na kwenye simu yake, na siku ya mwisho anaondoka na vyote viwili. Shuleni hakibaki hata karatasi. Kungekuwa na daftari moja tu: maneno ya wimbo kwa Kigiriama na maana yake, umetoka kijiji gani, huimbwa kwenye nini, nani huanza, mapigo yanabadilika wapi. Wasichana wanaotoka Bara wangejua kwamba ni madzi na matso, wasiimbe maji na macho mbele ya mwamuzi wa Kigiriama aliyekaa pale anawatazama kwa huruma.

Daftari hilo lina haja zaidi sasa kuliko wakati wowote. Mwaka 2025, kwa kuingia mtaala mpya, hakukuwa na Kidato cha Kwanza nchi nzima. Mwaka huu wa 2026 wameingia Gredi ya 10, na juu yao kuna Kidato cha Tatu na cha Nne tu. Katika shule za wasichana ngoma ilirithiwa bwenini, mkubwa akimfundisha mdogo wake usiku baada ya masomo ya jioni. Mwaka mmoja mzima hakuna mdogo aliyeingia. Kidato cha Nne hufungiwa na mtihani, Kidato cha Tatu ndio wenye ujuzi, nao wakimaliza 2027 wanaondoka nao. Ukiulizwa kwa nini kikundi kilichokuwa kikifika Pwani nzima sasa kinaishia kaunti ndogo, usitafute mchawi.

Na mtaala wenyewe umetoa nafasi. Muziki na dansi ni somo katika mkondo wa sanaa na michezo. Shule inayosema haina vifaa vya kufundisha muziki huku mto umejaa matete, niwaambie nini?

Kuna wazazi, na baadhi ya Masista, wanaonong'ona kwamba kayamba ni la uganga, ni la kupungia pepo, halifai kwa wasichana wa shule ya kanisa. Nisikatae: hupigwa huko pia. Mwanzele nao umetoka matangani. Lakini nendeni Misa ya Jumapili. Matoleo yanapopanda, ni nini kinachotikiswa pembeni ya kinanda? Kayamba, tena zuri, kubwa, lisilo na twiga. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, Desemba 1963, iliuheshimu muziki wa watu wa mahali na kuruhusu ala zao ziingie kanisani zikifaa kwa ibada. Huu ni mwaka wa 63 tangu hapo. Ala iliyokubaliwa karibu na altare haiwezi kuwa najisi kwenye ukumbi wa chakula. Wasichana Waislamu walioko kwenye shule hizi nao hushona matete kama wenzao.

Halafu hofu ya ngoma ya matanga. Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama mwaka 1913 akicheza kifudu, ngoma ya msiba, watu wakakusanyika, akawaambia ya kuwaambia kuhusu Waingereza. Sanamu yake iko hapa mjini. Kila shule ya wasichana Malindi huimba jina lake Oktoba, Siku ya Mashujaa, kisha Mei wanaambiwa wapunguze ngoma za matanga.

Mengine kwa ufupi. YCS, chama cha wanafunzi Wakristo, wana utaratibu wao wa Ona, Amua, Tenda, ambao mara nyingi huishia kwenye Ona na soda. Wapeni matete wafike kwenye Tenda. Maonyesho ya sayansi: acheni kuwakaririsha wasichana mradi ulioandikwa na mwalimu. Wachukue makayamba manne ya kipimo kimoja, watie gramu 50, 100, 150 na 200 za mbegu, wapime sauti kwa simu kutoka umbali ule ule, wachore grafu. Mwamuzi akiwauliza kwa nini, watajibu, kwa sababu wameshona wenyewe. Netiboli sina la kusema, wanacheza vizuri na hawaazimi mikono. Vyeti vya tamasha vipigwe nakala, kila mchezaji apewe yake. Hilo ni la mashine ya kunakili na dakika kumi, na bado halifanyiki.

Ndiyo, mtihani upo. Najua C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu na kwamba bodi ya shule haiulizi habari za kayamba. Lakini muda wa michezo na klabu uko kwenye ratiba tayari. Siombi dakika mpya. Naomba ule uliopo usiliwe na marudio ya hisabati Februari yote, halafu ifike Mei watu wakimbie dukani.

Kwa kaunti muda bado haujapita. Wakaazime yale makayamba ya kwaya ya parokia, wapiga kayamba wawili wakae mbele, viwiko chini. Ngoma zipashwe moto kabla ya kupanda jukwaani, maana ngozi ya masika imelegea. Kisha Januari, mapema, waende Sabaki na panga na mtu mzima anayejua mamba hulala wapi. Lile lenye twiga litundikwe chumba cha wageni. Wafadhili wakija watalipenda.