"Therefore" Haileti Sababu Yenyewe

Ukisoma insha za vijana wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, utakuta karibu kila sentensi imefunguliwa kwa kiunganishi: moreover, furthermore, therefore. Wamekaririshwa orodha hizo darasani, wakaaminishwa kuwa wakizipanga vizuri alama zitakuja zenyewe. Kwangu mimi huko ni kumdhulumu mtu aliyejinyima mpaka akapata ada ya mtihani.

Chukua mfano huu: "Many people are moving to cities. Therefore, crime is rising." Kisarufi haina kasoro. Lakini watu kuhamia mjini kunaletaje uhalifu? Kazi hazitoshi? Vijana wanakaa mbali na wazee wao? Mwandishi hakusema. Hoja nzima ameitwisha therefore. Sasa linganisha na hii: "Many people move to cities where there are too few jobs, so some turn to theft." Hapo kishazi cha katikati kimebeba sababu, na so peke yake inatosha.

Na watahini hawadanganyiki. Insha ya Task 2, yaani swali la pili la sehemu ya kuandika, hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na kimojawapo ni mtiririko na mshikamano wa mawazo. Kurundika viunganishi kumetajwa humo waziwazi kuwa ni kasoro. Kwa anayestahili alama 9, ya juu kabisa, mshikamano unatakiwa uwe wa namna ambayo ni nadra kuvuta macho ya msomaji.

Kinachoniuma zaidi ni although, maana hapo mtu anaweza kujipinga bila kujua. Kishazi kinachoongozwa nayo ni kile unachokikubali kwa shingo upande. Msimamo wako unakaa kwenye kishazi kikuu. "Although online classes are cheap, they leave poor pupils behind" ni maneno ya mtu anayeyapinga masomo ya mtandaoni. Geuza vishazi hivyo, although ikae kwa hao wanafunzi maskini, na tayari unayatetea. Mtahiniwa asiyeiona tofauti hiyo hufika kwenye hitimisho akisema kinyume cha aya zake mwenyewe.

Dakika 40 kwa maneno yasiyopungua 250 ni chache, kwa hiyo jambo hili lizoeleke mapema. Walimu, wapeni wanafunzi aya iliyofutwa viunganishi vyote, kisha waulizeni: sababu ni ipi hapa, na matokeo ni yapi? Wakishindwa kujibu, aya iandikwe upya kabla ya kurudishiwa kiunganishi hata kimoja.